Opareta Akihama Baada ya Kufunzwa, Mkandarasi Amepoteza Nini?

Mafunzo ya waendeshaji mitambo yanapotajwa mbele ya wakandarasi wa kiwango cha kati wa Nakuru na Kisumu, jibu huwa lile lile: ukimlipia kijana karo, ukamwachia ekskaveta ajifunzie, ukavumilia miezi anayochimba mtaro uliopinda, basi siku atakapoiva atachukuliwa na kampuni kubwa. Hofu hiyo ina msingi. Mradi kama upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa Novemba 2025, unapopita mlangoni pako, wewe mwenye ekskaveta mbili na greda moja huna namna ya kushindana nao kwa mshahara, na sheria ya ajira inamruhusu anayelipwa kwa mwezi kuondoka kwa notisi ya siku 28 tu.

Gharama yenyewe si ndogo pia. Karo ya chuo ndiyo sehemu inayoonekana, lakini kinachouma zaidi ni saa za mtambo: mwanafunzi anahitaji kukaa kwenye kiti, na kila saa anayofanya mazoezi ni saa ambayo mtambo unakunywa dizeli bila mteja yeyote kulipia. Juu ya hayo, mwajiri tayari anatozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Kwa kampuni ya watu 40, tozo hiyo ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Mwajiri anaweza kudai arejeshewe sehemu ya gharama za mafunzo, ila ni lazima awe ameomba idhini kabla ya mafunzo kuanza, na kampuni ambayo mwenyewe ndiye meneja, karani na dereva wa pikapu ni rahisi kuikosa nafasi hiyo. Kwa hiyo anayesema mafunzo ni ghali hasemi uongo.

Ninachokitilia shaka ni kipimo anachotumia. Karo ina risiti, na kitu chenye risiti huonekana hasara haraka. Hasara ya opareta asiyefunzwa haina risiti; imetawanyika ndani ya stakabadhi za mafuta, za vipuri na za siku za kazi zilizorefuka, na hakuna mhasibu anayeiandika kwa jina lake.

Tuifanyie hesabu. Ekskaveta ya tani 20 hutumia kati ya lita 12 na 20 za dizeli kwa saa kulingana na kazi. Tukichukua lita 15 kwa saa, kwa saa 8, ni lita 120 kwa siku. Na tukiweka dizeli kwa shilingi 165 kwa lita, siku moja ya kazi inateketeza shilingi 19,800. Sasa tuseme opareta anapoteza asilimia 10 tu ya mafuta hayo. Hizo ni shilingi 1,980 kwa siku, au 49,500 katika mwezi wa siku 25 za kazi. Ile tozo ya NITA ya mwaka mzima, ambayo wakandarasi wanailalamikia kwa sauti kubwa, ni sawa na siku 12 za upotevu wa mtambo mmoja.

Msomaji anaweza kuuliza asilimia 10 nimeitoa wapi, na ana haki ya kuuliza, kwa kuwa ni makadirio yangu. Lakini tazama jinsi inavyofikiwa kwa urahisi. Injini inayonguruma bila kazi hutumia takriban lita 3 hadi 5 kwa saa. Opareta asiyezima mtambo wakati wa chakula, wala anaposubiri lori lirudi kutoka kumwaga kifusi, hufikisha saa tatu za namna hiyo kwa siku bila shida, na lita 12 zimeshakwenda kabla hatujagusa namna anavyochimba. Aliyefunzwa husimamisha mtambo mahali palipoinuka kidogo kuliko lilipo lori na kuliweka lori karibu, ili mkono uzunguke kwa pembe ndogo. Asiyefunzwa hugeuka nusu duara kwa kila ndoo, mamia ya mara kwa siku, na mwenye mtambo akipita huona kazi inaendelea vizuri.

Kisha iko minyororo na magurudumu yake ya chini, ambayo kwenye mitambo ya kutambaa huweza kumeza karibu nusu ya gharama yote ya matengenezo. Uchakavu wake unategemea sana tabia ya anayeendesha: kurudi nyuma kwa kasi mwendo mrefu, kukata kona upande ule ule kila mara, kuzungusha mnyororo papo hapo badala ya kugeuka polepole. Ule udongo mweusi wa nyanda za Kano unazidisha mambo, kwa maana hunata ukiwa na maji na hukaza kama saruji ukikauka, na asiyeuchokoa jioni huwasha mtambo asubuhi minyororo ikiwa imekakamaa. Kuchokoa tope hakuhitaji cheti, mtu atasema. Ni kweli, lakini kunahitaji mtu aliyeelezwa sababu, na utingo aliyejifunza kwa kutazama huwa ameona mikono ya opareta wake bila kusikia sababu.

Hapo ndipo hofu ya kuhamwa inapobadilika sura. Tuchukulie kwamba karo, siku zilizopotea na dizeli ya mazoezi vimefika jumla ya shilingi 150,000. Akiokoa shilingi 1,980 kwa siku, fedha hizo zimerudi baada ya siku 76 za kazi, yaani miezi mitatu hivi. Ukikata makadirio yangu kwa nusu, ni miezi sita. Mkandarasi anayeuliza kama kijana atakaa miaka mitano anauliza jambo lisilohusika sana na hesabu yake. Anayeondoka baada ya mwaka ameshalipa. Ni kweli nafasi yake itahitaji mwingine, na mzunguko uanze tena, lakini mzunguko unaorudisha mtaji mara mbili kwa mwaka, au hata mara moja, si hasara.

Hesabu hii ina mahali inapokwama. Mitambo mingi hukodishwa kwa mpango ambao mteja ndiye anayejaza mafuta. Mwenye mtambo wa aina hiyo hapati hata senti ya dizeli iliyookolewa. Faida yake inabaki kwenye minyororo na vipuri, ambayo huchukua miaka kuonekana. Vilevile, pasipo mtu anayepima mafuta kila siku dhidi ya saa za injini, lita zilizookolewa huishia kwenye mtungi wa mtu mwingine, na hakuna chuo kinachofundisha watu wasinyonye mafuta. Tena kuna wakandarasi wa barabara za kaunti wanaosubiri malipo muda mrefu baada ya kumaliza kazi. Kumwambia mtu asiyelipwa awekeze shilingi 150,000 leo ili zirudi baada ya miezi mitatu ni kumwambia atumie fedha asizokuwa nazo.

Hata hivyo, wakandarasi wengi wanaoogopa kuhamwa hukimbilia dawa isiyofaa, yaani mkataba wa kumfunga opareta miaka miwili au arudishe karo. Kwa kijana ambaye kibarua chake huisha daraja linapoisha, mkataba huo hauna maana. Njia ya nafuu ni kuanza na aliyepo. Opareta wa miaka kumi asiye na karatasi hahitaji kozi nzima. Anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, yenye kituo chake Kisumu, akapata gredi, yaani kiwango cha ujuzi kilichothibitishwa, na fedha za kampuni zikaelekezwa kwenye yale machache asiyoyajua. Usalama sihitaji kuujadili kwa kirefu: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamlazimu mwajiri kuwafunza watu wake, na chini ya sheria ya fidia ya mwaka huo huo, ulemavu wa kudumu kabisa hulipwa mapato ya miezi 96.

Kwa mwenye mtambo asiyelipa mafuta, msukumo itabidi utoke kwa mteja. Anayenunua dizeli ndiye mwenye sababu ya kuuliza gredi ya opareta kabla ya kutia sahihi, na serikali za kaunti za Kisumu, Kakamega au Nakuru zinaweza kuliweka sharti hilo ndani ya hati za zabuni, mradi ziliingize kwenye bei ya kazi na zilipe kwa wakati.