Kazi ya Mungu haina makosa, ya kwetu je?

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alifariki akijifungua. Mtoto alipona, yeye akaondoka kwa kutokwa damu. Tulikuwa kwenye korido ya hospitali, sitaitaja, saa kumi alfajiri, mama mkubwa amekaa kwenye benchi na beseni la nguo za kichanga liko miguuni kwake, daktari wa zamu akatoka, kijana tu, amechoka hadi macho yamekuwa mekundu, akasema poleni sana, tumejitahidi, lakini kazi ya Mungu haina makosa. Mdogo wake marehemu, ambaye aliacha kwenda kanisani tangu yuko chuo na hafichi kwamba haamini, akamjibu palepale, "Ya Mungu haina. Ya kwenu je?"

Basi msiba mzima watu hawakuongelea damu, waliongelea kufuru. Chini ya turubai kila kona ni yeye, oh kijana ana kiburi, oh elimu imemharibu, mzee mmoja wa kanisa akamwita pembeni akamwambia aombe toba. Na ukiiangalia ile sentensi aliyosema, sehemu ya kwanza alikubaliana na daktari kabisa! Aliuliza tu nusu iliyobaki. Mimi ni Mlutheri, nasali, mtoto wa dada nilimsimamia ubatizo, ila kila nikikumbuka ile alfajiri naona mtu pekee aliyeyachukua yale maneno kwa uzito wake alikuwa ni yule tunayemwita mpagani.

Lakini niwe wa haki maana upande wa pili nao una lake, na wasioamini wengi hawalisikii. Kiswahili chetu kimejaa maneno ambayo hayasemwi ili kutoa taarifa. Mtu anakuuliza hujambo, unajibu sijambo hata kama umeamka na malaria na kodi ya nyumba hujalipa, na hakuna anayekuita muongo. Unamwamkia mzee shikamoo na hakuna mguu ulioshikwa. Sasa msibani ni hivyo hivyo, mtu amefika, amekaa kwenye mkeka, hana cha kusema kwa sababu kiukweli hakuna cha kusema, basi anasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, Muislamu anasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, maana yake niko hapa na wewe, na wote tunaelekea kulekule. Asiyeamini akianza kuipima kama ushahidi wa mahakamani, eti thibitisha kwamba ni Mungu, anakuwa kama mtu aliyeulizwa habari za asubuhi akatoa cheti cha hospitali. Nimeona vijana wanawajibu mama zao hivyo kwenye grupu la familia siku ya tanzia yenyewe, na mama anabaki ameumia mara mbili.

Mama mkubwa mwenyewe alimwambia mwanae siku ya tatu ya msiba, mimi nikiwepo namimina chai: "Sasa mwanangu ulitaka niseme nini? Niseme mtoto niliyemzaa amekufa kwa sababu friji la hospitali halina damu? Nikisema hivyo nitalala?" Kijana akanyamaza. Na mimi naona hapo mama alikuwa na haki asilimia mia, hilo neno ni lake, alilishika ili asimame, na hakuna mwenye ruhusa ya kumpokonya.

Shida yangu inaanza neno linapotoka mdomoni kwa mfiwa likaenda mdomoni kwa mtu mwingine. Mama akisema kazi ya Mungu haina makosa anajifariji. Daktari akisema hivyo hivyo, kwenye korido, kabla hata fomu haijajazwa, anafunga faili. Maneno ni yaleyale na kazi ni tofauti kabisa, na nadhani ndo mahali waamini na wasioamini wanapopishana kila siku bila kugundua, huyu anatetea faraja ya mama, yule anapigana na faili lililofungwa, wote wanapiga kelele juu ya sentensi moja.

Na hata hilo la Bwana alitoa, jamani tulisome basi hadi mwisho. Aliyelisema ni Ayubu mwenyewe aliyefiwa, sura ya 1 mstari wa 21, hakuambiwa na jirani. Tunalinukuu kila mazishi halafu tunafunga kitabu. Ukifungua sura ya 3 yuleyule Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, na anaendelea kulalamika, anadai majibu, sura baada ya sura, maneno ambayo leo ungeyasema msibani ungeitiwa mchungaji. Wale marafiki zake walifanya jambo jema moja, walikaa naye chini siku saba kimya bila neno. Walivyofungua midomo wakaanza misemo, Mungu ni mwenye haki, hakuna linalotokea bure, mambo mazuri mazuri tu ambayo yangependeza kwenye statasi. Na sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao, anawaambia hamkunena yaliyo sawa kama mtumishi wangu Ayubu. Aliyepiga kelele ndiye aliyesema sawa. Sijawahi kusikia hiyo ikihubiriwa kwenye mazishi hata mara moja.

Sasa kuna namba moja inanisumbua sana na naomba mnivumilie. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba Tanzania tulikuwa tunapoteza akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ukatoa 104. Kutoka 556 mpaka 104, ndani ya miaka isiyozidi saba hivi! Shemeji yangu mmoja asiyeamini anapenda kuniuliza, haya niambie, mapenzi ya Mungu yalibadilika mwaka gani? Na mimi kama mwamini namjibu Mungu ametumia mikono ya watu, wakunga, vyumba vya upasuaji vilivyowekwa kwenye vituo vya afya, ule mfumo wa m-mama ambao ukipiga 115 mama anatafutiwa gari. Naamini hivyo kabisa. Ila yeye haishii hapo, anauliza swali la pili na hilo ndo sina jibu la haraka: kama hawa waliopona ni Mungu kupitia mikono ya watu, wale ambao mikono ya watu haikufika kwa nini tunasema ni Mungu peke yake? Sikiliza tunavyoongea. Mgonjwa akipona, Mungu amewatumia madaktari. Akifa, Mungu amemchukua. Madaktari wameenda wapi? Kwenye sentensi ya kwanza wapo, ya pili wameondolewa, pamoja na gari, pamoja na damu, pamoja na sisi ndugu tuliosema ngoja asubuhi ifike ndo tumpeleke.

Maana watu wa afya wenyewe wanajua. Wana utaratibu, kila kifo cha mama kinatakiwa kikaliwe kikao, na wanatafuta ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ile tofauti kati ya 556 na 104 ni akina mama 452 kwa kila vizazi hai 100,000, na naamini wengi walipona kwa sababu kuna watu walikaa kwenye vikao hivyo wakakataa kuishia kwenye "haina makosa". Na hapa nawageukia wasioamini, wengi wa hao watu wanasali! Muuguzi anayeanza zamu kwa maombi ndiye anayekimbizana na chupa za damu usiku. Hospitali ya Peramiho ilijengwa na wamisionari Wabenediktini, ya Bugando ni ya maaskofu Wakatoliki. Kwa hiyo ile hoja kwamba misemo ya dini inawafanya watu walale, mi siikubali ikisemwa jumla jumla, imani ileile inamlaza mmoja na kumwamsha mwingine.

Waislamu nao wana ugomvi huohuo na inshallah. Kwenye Suratul Kahf mtu ameagizwa asiseme nitafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na mapenzi ya Mwenyezi Mungu, ni neno la unyenyekevu, sasa fundi akikwambia kabati litakuwa tayari Ijumaa inshallah wewe unajua kabisa halitakuwa tayari. Masheikh wanalikemea hilo, wanakumbusha hadithi ya yule bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali, yaani amtegemee Mungu.

Wakenya kwenye sensa ya 2019 walihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini. Sisi sensa zetu haziulizi dini tangu 1967, lakini wapo, wako kwenye familia zetu, wanakaa kwenye mikeka ileile. Na wengi nilioongea nao hawana ugomvi na faraja ya mama zao, wanachokataa ni kuzibwa mdomo na neno ambalo halikutungwa kuziba midomo.

Baada ya arobaini yule kijana aliandika barua hospitali kuomba maelezo. Nilidhani mama mkubwa atakataa kuambatanishwa jina, lakini alisema weka, akatia dole gumba. Tukaitwa. Akaenda amevaa kitenge chake cha kanisani, na aliyetupokea, mtu mzima mwenye adabu zake, akaanza mama pole sana, kama tunavyojua kazi ya Mungu... Mama mkubwa akainua mkono taratibu. "Hilo nalijua mwanangu, hilo naongea naye mwenyewe kila siku. Nimekuja kuulizia damu." Mwanae alikuwa amekaa pembeni yake, hakusema neno siku ile. Yule mtu alifungua faili, akatueleza kwamba chupa moja ilikuwepo na aliwekewa, ya pili ilibidi ifuatwe hospitali nyingine, gari lilikuwepo ila dereva alitafutwa karibu saa nzima. Mama mkubwa akamwomba arudie tena, polepole, ili ashike masaa.