Je, ni bombomu la Maxim lililoiteka Afrika Mashariki?

Mazungumzo kuhusu Vita vya Maji Maji hayakawii kufika kwenye bombomu, yaani bunduki ya rashasha. Wazee wetu walikuwa na mikuki na magobori, Wajerumani walikuwa na Maxim, basi, hesabu imekwisha. Hesabu hiyo si ya uongo, ila ni fupi mno.

Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia London, alibuni silaha hiyo mwaka 1884. Bunduki za mfululizo zilizoitangulia zilizungushwa kwa mkono. Yeye alitumia msukumo wa risasi yenyewe: mtutu unaporudi nyuma, ganda linatoka, risasi nyingine inaingia kutoka kwenye mkanda na kufyatuka, hadi risasi 600 kwa dakika. Joto lake lingeuharibu mtutu, kwa hiyo ukavikwa silinda yenye maji, kiasi cha lita 4.

Mbele ya silaha ya namna hiyo, uwanja wa wazi ulikuwa machinjio. Huko Omdurman, Sudan, mwaka 1898, jeshi la Kitchener, jenerali wa Kiingereza, lilipoteza watu wasiofika 50, huku wapiganaji wa upande wa pili zaidi ya 10,000 wakiuawa, ingawa mizinga na bunduki za kawaida nazo zilifanya kazi kubwa siku hiyo. Kwetu kuna Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Wajerumani kwa maelfu, wengi wakiamini kwamba dawa ya maji ya mganga Kinjikitile Ngwale ingezima risasi. Mabombomu mawili yalikuwa yamekwisha kutegwa. Waliuawa kwa mamia, na boma halikuanguka. Ndani yake, tusisahau, waliolilinda wengi walikuwa askari Waafrika.

Sasa rudi nyuma miaka 14, uende Lugalo, Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski kilikuwa safarini, mstari mrefu kwenye njia nyembamba, pamoja na silaha zake nzito. Wahehe wakatoka vichakani. Zelewski aliuawa, sehemu kubwa ya kikosi ikateketea, na mamia ya bunduki yakaenda kwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Bombomu lililofungwa kama mzigo halimtishi mtu mwenye mkuki aliye hatua chache tu kutoka kwako.

Na mzigo ndio suala lenyewe. Mpagazi alibeba kiasi cha kilo 30. Silaha yenyewe, bila kiti chake, ilikaribia uzito huo. Kasha la risasi 1,000 lilihitaji mpagazi mwingine, na risasi hizo zingekwisha kwa chini ya dakika mbili za kufyatua mfululizo! Mitambo nayo ilichakaa. Huko Kampala mwaka 1892, Lugard, ofisa wa Kiingereza, alitegemea vitani Maxim kuukuu iliyokuwa imevuka bara na mpelelezi Stanley, na ilimsumbua. Aliokolewa pia na bunduki alizowagawia Waganda wa upande wake.

Kwa hiyo nawaelewa wanaosema kwamba Maxim ilikuwa kelele tupu, ushindi ukaletwa na washirika wenyeji, askari na mgawanyiko wetu. Siwafuati hadi mwisho, kwa sababu wanaangalia idadi ya mabombomu badala ya kuangalia yalivyoibadili vita. Baada ya Mahenge, na baada ya Wangoni kushambuliwa kambini Namabengo mwezi Oktoba 1905, mapigano ya ana kwa ana yalipungua. Wapiganaji waliingia msituni, wakavizia misafara, kama Mkwawa alivyofanya tangu Kalenga, ngome yake, ilipoanguka mwaka 1894 hadi kifo chake mwaka 1898. Na msituni bombomu halina wa kumlenga.

Wajerumani walilijua hilo. Maofisa wao, Kapteni Wangenheim akiwemo, walisema waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayowafanya watu wasalimu amri. Vijiji vikachomwa, maghala yakaporwa, mashamba yakaharibiwa. Takwimu rasmi za Wajerumani zilitaja Waafrika 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Maxim ilikuwa imewaondoa wapiganaji uwanjani, na mkakati wa njaa ukawafuata vijijini, ukiwakuta na wake zao na watoto.