Jicho moja moja: macho ya mtoto anayeanza shule

Januari 2024, macho mekundu yalipoingia Dar es Salaam, binti wa kaka yangu alikuwa darasa la nne. Jicho lake la kulia lilivimba likajaa tongotongo, asubuhi halifunguki mpaka lilainishwe kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. La kushoto lilikuwa jeupe pe. Nikamwekea kikombe cha chai mezani, nikamwona anakipapasa.

"Shangazi, sioni."

"Fungua hilo zima."

"Nimelifungua."

Tukadhani ugonjwa umehamia upande wa pili. Kumbe, kama tulivyoelezwa kliniki ya macho baada ya uvimbe kwisha, jicho la kushoto halikuwa na ugonjwa wa juzi wala wa jana. Halijawahi kuona sawasawa tangu akiwa mdogo. Mtoto amesoma awali, la kwanza, la pili, la tatu. Ameandika, amecheza rede, amevuka barabara, na hakuna aliyejua, kwa sababu jicho la kulia lilikuwa linafanya kazi ya mawili. Hakuwahi kulalamika, na angelalamika nini? Hajawahi kuazima macho ya mwenzake akaona tofauti.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza kila ninayemjua katika afya na elimu: kwa nini mtoto anayeanza shule asipimwe macho, kila mtoto, kila mwaka shule zinapofunguliwa? Nilitegemea wote wakubali. Haikuwa hivyo. Wapo waliokubali pale pale, na wapo watu makini, wenye kuwapenda watoto, waliosita. Sababu zao si za kupuuza, na baadhi zimenifanya nibadili nilichokuwa nakitaka.

Nianze na hoja ya kupima mapema, maana ndiyo iliyo karibu na moyo wangu. Jicho haliioni dunia peke yake. Linapeleka picha, na ubongo wa mtoto unajifunza kuisoma picha hiyo katika miaka ya mwanzo. Jicho moja likiwa linaleta picha iliyofifia, iwe kwa makengeza, au kwa sababu nguvu za macho mawili zimetofautiana sana, au mtoto wa jicho amelifunika, ubongo huamua kuiacha picha hiyo na kutegemea ya jicho la pili. Miaka ikipita, hata ukilitengeneza jicho lenyewe, ubongo umeshazoea kutolisikiliza. Wataalamu huliita jicho vivu. Duniani hukadiriwa kuwapata kati ya mtoto 1 na 3 katika kila 100.

Tiba yake haina maajabu: miwani, na mara nyingi kuziba lile jicho linaloona vizuri kwa muda kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa 2003 ulionyesha kwamba kwa watoto wadogo ambao hali yao ni ya wastani, kuziba saa 2 kwa siku kulileta nafuu sawa na kuziba saa 6. Saa 2 ni muda wa kuchora na kucheza nyumbani baada ya shule. Lakini tiba hii ina umri wake. Inafanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7. Baada ya hapo wapo wanaopata nafuu, hata wa miaka 10 au 12, ila ni wachache zaidi na nafuu yenyewe huwa ndogo. Mtoto wetu anaingia darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Hesabu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Sasa upande wa pili. Daktari mmoja wa macho aliniambia jambo ambalo sikulitarajia: katika Afrika, mtoto wa miaka 6 asiyeona mbali ni nadra. Tatizo la kutoona ubao huanza kujitokeza kwa wingi kuanzia miaka 10 hivi, na kuongezeka hadi ujana. Ukitumia fedha na siku za walimu kuwapima wa darasa la kwanza wote, utapata wachache mno, na wale wa darasa la sita wanaofinya macho kunakili hesabu watabaki bila kupimwa kwa sababu bajeti imekwisha. Kwa nchi yenye wataalamu wachache wa kupima miwani, alisema, anza na wakubwa.

Hoja ina uzito, na ushahidi upo wa faida kwa hao wakubwa. Katika mikoa ya Gansu na Shaanxi huko China, watoto wa darasa la nne na la tano waliopewa miwani bure walipanda alama za hisabati, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa 2014. Lakini naona hoja hii inachanganya mambo mawili yanayopimwa kwa chati moja ya macho. Asiyeona mbali akicheleweshwa miaka miwili anapoteza masomo ya miaka miwili, jambo zito, ila siku akivaa miwani anaona. Mwenye jicho vivu akicheleweshwa miaka miwili anaweza kupoteza jicho hilo kwa kiasi asichoweza kurudishiwa. Kwa huyu wa pili hatupimi ili ajue kusoma ubao; ubao anausoma, kwa jicho moja. Tunapima kabla mlango haujafungwa.

Wanaosema kazi ni kubwa mno kwa mwalimu nao nawaelewa. Nilikaa siku moja katika upimaji wa shule. Chati ilikuwa ile yenye herufi E tu, iliyogeuzwa pande nne, ya ukoo mmoja na chati aliyoitoa Herman Snellen mwaka 1862. Uzuri wake ni kwamba mtoto asiyejua hata irabu anaimudu: anaonyesha kwa vidole vitatu miguu ya E imeelekea wapi, juu, chini, kulia, kushoto. Kamba ya mita 6 imelazwa sakafuni, kisigino kwenye fundo. Mstari unaotazamwa ni ule ambao mwenye macho mazima angeusoma akiwa mita 12.

Rahisi, mpaka utazame mikono. Mtoto akiambiwa "ziba jicho", anaziba kwa vidole, na kati ya vidole kuna upenyo. Anachungulia. Hafanyi hivyo kwa ujanja. Anataka kumfurahisha mwalimu, na jicho zuri limezoea kumsaidia. Mwingine anageuza shingo kidogo kidogo mpaka pua inakuwa pembeni. Yule dada muuguzi aliyekuwa anasimamia alisimama ubavuni mwa mtoto, mgongo kwa chati, macho kwenye kiganja cha mtoto. "Kiganja, mwanangu, siyo vidole," alirudia siku nzima. Asingesimama pale, watoto ambao upimaji uliwekwa kwa ajili yao ndio hasa wangepita.

Kwa mwendo ule, dakika 3 kwa mtoto, darasa la watoto 90 linachukua saa 4 na nusu. Na tangu michango ya lazima ilipoondolewa shule za msingi mwaka 2016, darasa la kwanza la watoto 90 halimshangazi mtu. Ongeza watoto walioona aibu siku hiyo, ambao lazima warudiwe siku nyingine kabla hawajaandikwa kuwa na tatizo. Ni siku nzima ya mwalimu, pengine mbili. Hata hivyo walimu hao hao wameshapangiwa siku ya dawa za minyoo na kichocho, wanawasimamisha watoto kwenye kijiti cha kupimia urefu ili kujua idadi ya vidonge, na siku hiyo inapita vizuri kwa sababu imepangwa na mtu wa afya yupo. Mwalimu akiachiwa chati na barua tu, peke yake, naungana na wanaokataa.

Tena chati haioni kila kitu. Mtoto mwenye shida ya kuona karibu anaweza kukaza macho na kuzisoma E zote za mbali, kisha akaumwa kichwa kila anapofungua kitabu. Mzazi akiambiwa "amepita" anaweza kutulia pale ambapo hakutakiwa kutulia.

Hoja iliyonikalisha kitako hasa ni hii: ukishampima, unampeleka wapi? Chukua mama aliye kisiwani Ukerewe. Anapewa karatasi inayosema mwanawe ana tatizo la macho, aende hospitali. Hospitali ya Bugando iko Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Ni nauli ya kivuko kwa watu wawili, mahali pa kulala, siku za shamba zilizopotea, na mwisho wake bei ya miwani ambayo hajui itakuwa kiasi gani. Mtoto mwenyewe anakimbia uwanjani, anachota maji, anaona. Kwa macho ya mama, karatasi ile inasema uongo.

Na hali hii imepimwa. Katika kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, shule 50 zenye watoto zaidi ya 20,000 zilihusika katika jaribio lililochapishwa 2018. Upande mmoja ulitumia chati ya kawaida na barua ya kwenda hospitali, na waliofika hospitali walikuwa asilimia 22. Upande wa pili walimu walipima kwa programu ya kwenye simu, wazazi wakapelekewa picha inayoonyesha jinsi mtoto wao anavyoiona dunia, na ujumbe wa kuwakumbusha: wakafika asilimia 54. Ile picha naiona ndiyo iliyosema na mzazi. Mama aliyeshika karatasi yenye ukungu na kuambiwa "mwanao anaona hivi" hahitaji maelezo mengine. Lakini hata kwa mbinu hiyo, karibu nusu hawakufika.

Hata miwani ikipatikana, kazi haijaisha. Wanafunzi wa sekondari Dar es Salaam walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa 2008. Waliopewa miwani bure, baada ya miezi 3 asilimia 47 walikuwa wanaivaa au walau wanayo shuleni. Waliopewa cheti tu wakanunue wenyewe walikuwa asilimia 26. Mtu anayejua shule zetu hashangai. Binti yetu siku ya kwanza na miwani aliitwa "bibi" mpaka mapumziko ya saa nne, na nyumbani jirani akatuonya kwamba miwani itamwozesha macho. Haiozeshi. Lakini mtoto wa miaka 10 anayasikia yote mawili siku moja.

Kwa hiyo nimeacha kudai wilaya zote zianze kwa pamoja. Wilaya isiyo na mahali pa kumpeleka mtoto isigawe chati kabla ya kupanga siku ambayo mtaalamu atakuja karibu, hata mara moja kwa muhula, na miwani ya watoto mkononi. Palipo na njia, sioni sababu ya kungoja. Na ningependa tuanze na awali, miaka 5, badala ya la kwanza. Wazazi wengi huacha kliniki baada ya chanjo ya pili ya surua, miezi 18, na kutoka hapo mtoto hapiti mbele ya mtu wa afya mpaka augue. Shule ya awali ndiyo mara ya kwanza anaonekana tena akiwa katika foleni na wenzake. Apimwe hapo, jicho moja moja. Kisha apimwe tena darasa la tano, kwa ajili ya ubao, kama yule daktari alivyotaka.

Binti wetu ameziba jicho lake la kulia saa 2 kila jioni kwa miezi mingi. La kushoto lilianza kwa kusoma mstari wa juu peke yake. Sasa linafika wa nne, na daktari hajatuahidi wa tano. Chati tuliyopewa iko ukutani barazani. Mdogo wake anaanza awali, na juzi nilimkuta dada mtu amemsimamisha kwenye kamba, yeye kakaa ubavuni kwake, mgongo kwa chati, anamwangalia mkono.

"Kiganja," anamwambia. "Siyo vidole."