Nililala kuzimu, kitanda kikanilipukia

Wakuu, najua wengi wenu mmeshaiona ile skrinishoti ya kifo changu kwenye gemu. Jamaa yangu wa Mwanza aliirusha kwenye magrupu matatu ya Wasapu kabla hata sijanawa uso, na chumvi juu: eti nililia. Sikulia. Nilipiga kelele. Mama mwenye nyumba ni shahidi, ingawa kwa sasa salamu zetu ni za shingo upande.

Ni hii hii Minecraft, gemu la kompyuta la kuchimba na kujenga. Wiki tatu nachimba. Luku ya elfu tano, luku ya elfu kumi, zote zimeishia chini ya ardhi nikitafuta almasi. Nikapata 29. Suti kamili, kofia mpaka viatu, ikala 24. Sululu 3, upanga 2. (Msinicheke kwa kuhesabu, aliyechimba ndiye anayejua.) Nikawa natembea kwenye seva, ule ulimwengu tunaocheza pamoja mtandaoni, kama bwana harusi.

Juzi saa nane usiku nikavuka lango la Nether, yaani kuzimu kwenyewe. Ardhi nyekundu, bahari ya lava, na lile dude jeupe linaloelea huku likilia kama kichanga chenye homa. Nikapiga hesabu zangu: nikifa huku nitaamkia nyumbani, nianze safari upya. Lakini gemu hili ukilala kitandani, siku ukifa unaamkia pale pale ulipolala. Sasa si nilale huku huku? Kitanda ninacho kwenye mzigo. Nikajiona nina akili kuliko waliolitengeneza.

Jamaa tuko naye hewani, yuko masikioni mwangu. Nikamwambia, "Oya, natandika."

"Unatandika nini?"

Nikatafuta penye tambarare, pembezoni mwa lava kidogo, panapata mwanga. Nikaweka kitanda. Nikakitoa, nikakigeuza, mto ukae upande wa ukutani, maana sisi kwetu hatulali kichwa mlangoni. Kuzimu hakuna mlango, lakini malezi ni malezi. Nikarudi nyuma hatua moja nikakiangalia. Kimependeza, shuka jekundu. Nikamsikia jamaa anavuta pumzi.

"Ngoja kwanza, usi..."

Nikabofya.

Wakuu, lile lilikuwa bomu limetandikwa shuka. Kioo chote moshi. Moshi ulivyopungua nikaiona kofia yangu, almasi tano zile, inashuka taratibu kama inaniaga. Ikagusa lava. Tsss. Kifua, almasi nane. Tsss. Suruali, saba. Kiatu kimoja... sijui kwa nini nasema kimoja, viatu huwa vinakuja pamoja. Tsss. Hapo ndipo nikapaza sauti: "Moto! Jamani vyote vinaungua!"

Mlango ukafunguka. Mama mwenye nyumba, kanga moja, ndoo ya maji mkononi. Nyuma yake kaka wa chumba cha pili na beseni la mchanga.

"Moto uko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye kompyuta. Akaangalia kioo. Akaniangalia mimi. Akaishusha ndoo polepole.

"Na kodi ulisema huna."

Kumbe vitanda hulipuka kule kwa makusudi kabisa, na kila mtu anajua isipokuwa mimi. Ukifa hivyo gemu linawatangazia watu wote wa seva kwamba fulani ameuawa na makusudi ya waliolitunga. Ndiyo ile skrinishoti.

Tangu hapo mori umekata. Naingia, napanda karoti, nafika mpaka langoni, nalisikiliza linavyonguruma, narudi kwenye karoti. Kuchimba 29 nyingine? Kwa luku ya nani?

Jana nimekuta sanduku mlangoni kwangu, kazi ya jamaa. Ndani almasi tatu na kitanda chekundu. Juu kabandika kibao: "Lala salama."

Almasi nimechukua. Kitanda nimekitupa ziwani.