Ruzuku ya Nyumba Ianzie Kwenye Ploti za Kaptembwo

Nimelelewa kwenye ploti Kaptembwo, hapa Nakuru. Vyumba kumi na sita, vinane vikitazamana na vinane, ujia mwembamba wa simiti katikati, vyoo viwili vya shimo mwishoni na mfereji mmoja uliotoa maji siku mbili kwa wiki. Siku zilizobaki tulinunua kwa mtungi. Mama alituamsha saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi choo kabla wapangaji wa zamu ya asubuhi hawajapanga foleni. Mvua kubwa ikinyesha, shimo lilijaa, na kila mtu alijua kitakachofuata: watoto kuendesha, kuanzia chumba cha mwisho hadi cha kwanza.

Leo nimeajiriwa, na kila mwezi nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya ushuru wa nyumba. Mwajiri wangu naye anaongeza kiasi hicho hicho. Mtu wa mshahara wa shilingi 40,000 anatoa 600, mwajiri 600, na kwa mwaka zinakuwa 14,400. Sinung'uniki kukatwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao ya kutosha, na haki hiyo lazima ilipiwe na mtu.

Ninacholalamikia ni zinakoelekea pesa hizi. Nyingi zinajenga maghorofa mapya ya kuuzwa. Bondeni, kilomita chache kutoka kwetu, zimesimama nyumba 605, na ni nzuri, nimeziona. Lakini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ilipopitishwa ilimtaka mnunuzi aweke amana ya asilimia 10. Kwa kiwango hicho, nyumba ya milioni moja inataka laki moja mkononi. Mama muuza mboga wa Kaptembwo, anayelipa kodi kwa mafungu mawili au matatu kwa mwezi, ataitoa wapi? Chama chake cha mzunguko humpa elfu tano zamu yake ikifika, nazo ni za karo.

Watu kama yeye watabaki kwenye ploti kwa miaka mingi ijayo, serikali ijenge isijenge. Kwa hiyo naomba sehemu ya ushuru huu itolewe kama ruzuku ya kuzirekebisha ploti zenyewe: kuunganisha bomba la majitaka, kujenga vyoo vya kumwaga maji, kuweka tangi, kubadilisha mabati yaliyooza, kupanua madirisha. Kazi hizo wanazijua mafundi wa mtaani, na pesa itazunguka hapa hapa.

Najua jibu litakalokuja. Mwenye ploti atapokea ruzuku, apake rangi, apandishe kodi, na mpangaji afungashe virago. Hofu hiyo ni ya kweli; kwetu kodi ilipandishwa mwezi ule ule tulipowekewa stima. Ndiyo maana ruzuku isitolewe bila mkataba ulioandikwa: kodi isipande kupita kiwango kilichokubaliwa kwa miaka kumi, na mpangaji asifukuzwe bila sababu iliyotajwa humo. Pesa itoke kwa awamu, kila awamu baada ya mkaguzi wa kaunti kuiona kazi kwa macho yake, wapangaji wawili wakiweka sahihi kuwa maji yanatoka na choo kinafanya kazi. Atakayevunja mkataba arudishe yote. Na asiyetaka masharti haya aachwe na ploti yake, wengine watakuja.

Kikao cha maoni kuhusu bajeti ya kaunti kikiitishwa tena, nitakwenda na pendekezo hili nikiwa nimeliandika. Nyinyi mnaokaa Kaptembwo na Rhonda, nawaomba mje pia, na kila mmoja aje na hesabu moja tu: ni watu wangapi wanaotumia choo kimoja kwenye ploti yake.