"Lazima ni mwanamke!"

Hapa Uingereza kampuni ya bima ya gari hairuhusiwi kukupandishia wala kukushushia bei kwa sababu ya jinsia yako. Ni hivyo tangu 21 Desemba 2012, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Ulaya. Kabla ya hapo kijana wa kiume alilipa zaidi ya msichana wa rika lake, kwa kuwa ajali zake zilikuwa na gharama kubwa zaidi. Hesabu hiyo waliipiga wenye kulipa hasara. Kwetu Tanzania, gari likizima kwenye mataa, vichwa vinatoka madirishani: "Lazima ni mwanamke!"

Najua mtasema, "Kavuka bahari, sasa anatudharau." Sidharau. Dereva anayeshusha lori salama kwenye mteremko mkali wa Kitonga, Iringa, namheshimu kuliko madereva wengi wa huku. Lakini nimechoka na neno hilo.

"Wanawake hawajui kuendesha, ndio maana wanafeli." Haya, hata hapa wanawake hufeli mtihani wa barabarani kwa kiwango kinachozidi kidogo cha wanaume. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema wanaume hufa barabarani karibu mara tatu ya wanawake. Ukikosea kuegesha, unachubua bampa. Ukiovateki kwenye kona, unazika watu.

Na huyo anayezimisha gari, mwangalieni kiti kwanza. Anajifunzia gari la kaka yake, kiti kiko nyuma, mguu haufikishi klachi chini, gia zinakwaruza, gari linaruka na kuzima. Asogeze kiti mbele mpaka akikanyaga klachi yote goti libaki limekunjika kidogo. Akipandishe aone vizuri juu ya dashibodi. Akinyoosha mkono, kifundo kitue juu ya usukani huku mgongo umeegemea kiti, na kifua kisikaribie usukani chini ya sentimita 25. Vioo vipangwe mwisho, maana kiti kikisogea, mpangilio wake nao unaharibika. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, na wapo walimu wa udereva wanaoiruka.

Lori likipitiliza kona Kitonga, hakuna anayepiga kelele "lazima ni mwanamume!" Wanasema breki zilifeli. Zilifeli kwa sababu alitoa gia kule juu ili abane mafuta, injini ikaacha kulishika lori, breki zikabeba tani zote zile peke yake mpaka zikaungua.