Taa ya Upepo Haina Kosa

Penye wenye magari ya juu hakukosekani wa kukwambia: "Hiyo taa ya njano ya upepo wa tairi achana nayo, ukishaweka tairi kubwa lazima iwake." Mimi niliambiwa hivyo na fundi tairi mmoja hapa Iringa, siku nilipovua tairi za saizi 265/65R17 za Prado yangu, gari iliyotoka Uingereza, nikavalisha kubwa zaidi, 285/70R17 zenye meno ya matope. Sikufika hata nyumbani. Ile alama kama chungu chenye alama ya mshangao tumboni ikawaka kwenye dashibodi. Nikageuza. Fundi akacheka, akachana kipande cha solotepu nyeusi kwa meno, akakibandika juu ya taa.

"Tayari bosi, imezima."

Nami nikacheka. Wiki saba baadaye nilikuwa natoka Pawaga na magunia sita ya mpunga nyuma, gari ikaanza kuvuta kushoto. Nikadhani ni njia. Niliposimama, tairi ya nyuma kushoto ilikuwa imelala, ubavu una moto wa kuunguza kiganja. Msumari. Tulipoivua kwenye rimu, ndani kulijaa unga mweusi wa mpira, kama masizi: ubavu ulikuwa umejisaga wenyewe kilomita nyingi. Tairi ya miezi miwili, haizibiki. Ikaenda kuwa ya kuzungushia bustani.

Siku ile ndipo nilipopima zile tatu nyingine kwa geji yangu. Zote zilikuwa kwenye PSI 22 (kipimo cha upepo). Fundi alizijaza hivyo makusudi, "ziwe laini". Kwa hiyo taa ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza, na msumari ulipoingia haikuwa na namna nyingine ya kusema. Ingekuwa imezimwa kihalali, ningeiona inawaka pale Pawaga, nikazibe pancha kwa hela kidogo tu.

Tuelewane kuhusu inavyofanya kazi. Kwenye gari kama yangu, kila rimu ina sensa ndogo kwenye valvu, inapima upepo na kuutangaza kwa redio. Haijui chochote kuhusu ukubwa wa tairi. Inajua namba tu. Kiwango ambacho gari inalinganisha nacho ni cha kiwandani mpaka ukiseti kingine, na kwa kanuni ya Marekani taa lazima iwake upepo ukishuka 25% chini ya kiwango hicho. Kwenye mlango wa gari yangu kiwanda kimeandika 32, hivyo 22 haina utetezi popote. (Sheria yenyewe Wamarekani waliipitisha mwaka 2000, baada ya watu wengi kufa kwa tairi kupasuka na magari kupinduka. Ulaya magari mapya yote yalitakiwa kuwa na mfumo huu kuanzia Novemba 2014. Haikuwekwa kwa urembo.)

Kuna magari mengine hayana sensa kwenye rimu kabisa. Yanasoma mzunguko wa magurudumu kwa kutumia ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kukwama) na kuvizia lile linalozunguka haraka kuliko wenzake, maana tairi iliyopungua upepo hufupika. Hayo ukibadilisha tairi ni kuyafundisha upya tu.

Halafu tofautisha taa. Ikiwaka tuli, upepo umepungua. Ikipepesa kwa dakika moja hivi ndipo itulie, mfumo wenyewe hausikii sensa. Hapo mara nyingi umeweka rimu nyingine zisizo na sensa, au fundi ameivunja kwa mtaimbo, au betri yake imekufa, kwani huishi miaka mitano hadi kumi. Au umenunua rimu za mtumba zenye sensa za Marekani: zile hutumia megahezi 315, za Ulaya 433. Ni kama wawili wanaongea kwenye stesheni tofauti. Hata zikilingana, Toyota nyingi zinataka namba za sensa mpya ziandikishwe kwa mashine.

Sasa ujaze ngapi? Hapa ndipo nagombana na pande zote mbili. Wanaosema "fuata mlango" wanasahau kwamba namba ile ni ya tairi ya kiwandani. Wanaosema "tairi kubwa haitaki upepo mwingi" wanasahau kwamba hizi zenye herufi LT zimejengwa kwa mizigo, na kwa uzito uleule huhitaji upepo mwingi zaidi kuliko tairi ya kawaida. Mimi nilitumia chaki. Chora mstari mnene kukatisha meno, endesha taratibu kwenye lami iliyonyooka, shuka uangalie. Ikifutika katikati tu, umezidisha. Ikifutika pembeni tu, umepunguza. Yangu ilifutika sawasawa kwenye 36, tairi zikiwa za baridi.

Na hiyo baridi isipuuzwe. Ukijaza mchana baada ya kutembea, ukalala Njombe mwezi wa saba, asubuhi upepo utakuwa umeshuka kwa ubaridi na taa itakuamsha.

Nilipofika 36 ndipo nikashika kitufe cha kuseti kiwango cha upepo mpaka taa ikapepesa polepole mara tatu. Si kabla. Ukikibonyeza tairi zikiwa kwenye 22, umeifundisha gari kwamba 22 ndiyo afya, na hiyo ni mbaya kuliko solotepu, maana solotepu angalau unaiona. Marekani wako wanaofungia sensa zote nne kwenye bomba la plastiki lililojazwa upepo, wanaliweka kwenye buti, na dashibodi inatabasamu. Werevu wa kujidanganya.

Binamu yangu aliyeko Maskati ananiambia akienda mchangani hushusha hadi 15, taa inawaka safari nzima, na hana shida nayo. Sawa kabisa, kwa sababu kompresa iko buti na hajazi kesho, anajaza palepale lami inapoanza. Taa inamkumbusha deni.

Ah, na spidomita: kwa saizi hii, ikikuonyesha 100 unakwenda kama 107. Trafiki wa Mafinga hatakuuliza una tairi gani.

Solotepu nimeibandua. Gundi yake bado iko pale kwenye kioo cha dashibodi, imeshika vumbi la Pawaga. Nimeisugua na mafuta ya taa mara mbili, haijatoka.